Nani Mwenye Mhuri wa Utu? Kuzisoma Riwaya za Androidi Tukiwa Uganda

Anayezisoma riwaya za vijana kuhusu androidi akitafuta habari za mashine atachoka mapema. Mashine yenyewe humo haielezwi sana. Mara nyingi humalizi kujua betri imewekwa wapi wala inachajiwaje. Utakachokuta ni binti wa miaka 16 hivi, mgeni shuleni, ambaye kumbukumbu zake za utotoni zimenyooka kupita kiasi: hakumbuki hata siku moja ya kuugua, kupigwa au kuchoka. Siku ya kupimwa afya nesi anamwekea kifaa kifuani, anasikiliza, anakihamisha, anasikiliza tena, kisha anatoka chumbani kwenda kupiga simu. Kuanzia hapo hadithi inageuka. Wapo wanaomtafuta wamrudishe walikomuunda, yupo kijana aliyempenda kabla hajajua, na juu ya wote ipo kampuni au serikali yenye daftari la nani ni mtu na nani ni mali.

Daftari hilo ndilo kiini cha riwaya hizi. Mengine yote, ngozi ya bandia, macho yanayoona gizani, mapigano juu ya mapaa, ni viungo. Vizuri vikiwemo, lakini si chakula.

Tuyapange majina kwanza, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Roboti ni mashine yoyote inayofanya kazi kwa maelekezo iliyowekewa. Mkono wa chuma unaochomelea milango ya magari kiwandani ni roboti, na hauna uso wala haja ya uso. Androidi ni roboti aliyeundwa afanane na binadamu kwa ngozi, mwendo na sauti. Saibogi ametokea upande wa pili: ni mtu aliyezaliwa, halafu akaongezewa mitambo mwilini. Mzee aliyepandikizwa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo amekwisha kuingia mlango huo, ingawa hakuna atakayemwita hivyo kwenye harusi ya mjukuu wake. Kloni wala hahusiani na mashine. Ni kiumbe wa nyama na damu aliyenakiliwa kutoka kwenye seli za mwingine, kama kondoo Dolly aliyezaliwa Scotland mwaka 1996. Akili mnemba nayo, hii tunayoandikiana nayo kwenye simu, haina mwili kabisa.

Waandishi huchanganya haya kwa makusudi, na ni haki yao. Msomaji ndiye anayefaa kuyatenganisha, kwa sababu kila mmoja wa hawa huja na swali lake. Saibogi anauliza ni sehemu ngapi zangu zitaondolewa nami nibaki mimi. Kloni anauliza kama nakala ina haki ya kuishi kwa ajili yake yenyewe. Androidi ana swali gumu kuliko yote: hakuna aliyenizaa, je, mimi ni wa nani?

Hapa Uganda wengi wetu tulimjua androidi kwanza kwenye kibanda cha video, VJ akizungumza kwa Kiganda juu ya sauti ya filamu, akitafsiri, akitania, akimpa adui jina la mtu wa mtaani. Katika filamu nyingi za namna ile androidi alikuwa wa kukimbiwa. Kamera ilimtazama kutoka nje, na VJ akatusaidia kumzomea. Riwaya za vijana ziligeuza kiti. Humo androidi ndiye anayesimulia, kwa nafsi ya kwanza, tangu ukurasa wa mwanzo: nimeamka, nimechelewa, nimemwona yule kijana wa jirani. Ukifika pale panapofichuliwa kwamba si mtu, wewe msomaji umeshamzoea na kumwonea huruma kurasa mia nzima. Umechelewa kumkana. Ufundi huo ni mdogo kuuelezea na mgumu kuutenda, na kwa maoni yangu ndio uliozipa riwaya hizi nguvu kuliko uzushi wowote wa kisayansi.

Neno la pili linalohitaji kufafanuliwa ni distopia. Watu hulitumia kwa kila hadithi yenye mji uliobomoka, moshi na maiti. Kubomoka peke yake ni maafa tu. Distopia ina utaratibu: foleni zinakwenda, taa zinawaka, kila mmoja ana namba yake, na uovu umeandikwa kwenye sheria na una saa za kazi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuvuka bahari ili aielewe. Shaaban Robert aliichora mwaka 1951 katika Kusadikika, nchi inayoelea hewani, ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mema ya huko, wakatupwa gerezani. Hakuna vurugu katika baraza la Kusadikika. Vikao vinafunguliwa na kufungwa kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo inayotisha. Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpakia mhusika wake Dzombo kwenye chombo cha anga kama adhabu ya kifo. Kwa hiyo hadithi za sayansi zenye kesi ndani yake si ngeni kwetu. Na kwa Waganda kwa maana ya wananchi wote wa Uganda, Dilman Dila wa Tororo alichapisha mkusanyiko wa hadithi za namna hii mwaka 2014, kwa Kiingereza.

Wimbi la distopia za vijana lilivimba Marekani baada ya The Hunger Games ya Suzanne Collins kutoka mwaka 2008. Androidi akaingia kupitia mlango uliokwisha kufunguliwa.

Mtihani

Kila hadithi ya androidi ina mtihani. Mahali fulani mtu mwenye mamlaka atakaa mbele ya mtu asiyeeleweka na kumpima kama ni binadamu. Ukiutazama mtihani kwa makini utajua mwandishi anaamini nini kuhusu utu.

Mtihani wa kwanza mashuhuri umo katika tamthilia R.U.R. ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuchezwa Prague mwaka uliofuata. Ndiyo iliyoupa ulimwengu neno roboti. Cha kushangaza, roboti zake si za chuma. Zinatengenezwa kisiwani kwa kitu kinachofanana na nyama, zinaishi miaka kama 20, zinauzwa kwa wingi, na hatimaye zinaasi na kuwaua binadamu wote isipokuwa mjenzi mmoja, mzee Alquist. Kanuni ya kuziunda imechomwa moto. Zinamtaka Alquist aivumbue upya, naye anaamua kumpasua mmoja ili aone ndani. Anamchagua msichana, mvulana anasema, nipasue mimi. Anamgeukia mvulana; msichana anasema, nipasue mimi. Mzee anaweka kisu chini na kuwaachia waende. Hakuna kipimo cha damu wala cha akili. Kipimo ni kama uko tayari kuchukua nafasi ya mwenzako mezani. Wengi wa androidi wanaopendana katika riwaya za leo ni wajukuu wa wale wawili, wajue wasijue.

Mwaka 1950 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alileta mtihani wa aina nyingine. Hakujishughulisha na moyo. Alisema tumweke muulizaji chumba kimoja, na wajibuji vyumba vingine, wawasiliane kwa maandishi. Muulizaji akishindwa kutofautisha majibu ya mashine na ya mtu, basi tuache kubishana kama mashine inafikiri. Angalia alichokifanya: aliuficha mwili. Riwaya za androidi zinafanya kinyume, zinauleta mwili karibu kabisa, kwenye kiti cha basi, kwenye dansi, ukipumua. Mmarekani Philip K. Dick katika riwaya yake ya 1968 alijaribu njia ya tatu, kipimo cha huruma: mshukiwa anaulizwa maswali kuhusu wanyama wanaoteswa huku macho yake yakichunguzwa. Kadiri kitabu kinavyokwenda, mpimaji mwenyewe anaanza kujitilia shaka.

Sisi tunao mtihani wa kale zaidi, nao unasimuliwa Buganda mpaka leo. Kintu alikuwa peke yake duniani na ng'ombe wake mmoja. Nambi, binti wa Ggulu, bwana wa mbinguni, alimpenda. Ndugu zake Nambi wakamdharau, huyu anakula nini, huyu ni kiumbe gani? Wakamwibia ng'ombe na kumpeleka juu. Kintu alipomfuata akakuta mitihani. Alipewa nyumba nzima ya chakula, chakula cha watu mia, amalize peke yake. Akaona ufa sakafuni, chakula kikaishia humo. Aliambiwa akapasue kuni kutoka kwenye mwamba. Aliambiwa alete maji ambayo hayakutoka kisimani wala ziwani. Akaja na umande. Mwishoni akaletewa makundi ya ng'ombe wanaofanana, amtambue wake. Nyuki akamwambia atazame pembe atakayotua juu yake.

Hadithi hii huelezwa watoto kama sifa ya ujanja wa Kintu. Mimi huona jambo jingine: aliyemtaka Kintu athibitishe kwamba ng'ombe ni wake ni familia ileile iliyomwiba. Mwenye swali ndiye mwenye jibu, na ndiye aliyesababisha mtihani uwepo. Katika riwaya za androidi mambo ni hayohayo. Kampuni inamdai binti athibitishe kwamba kumbukumbu zake ni za kweli, na kumbukumbu hizo ziko kwenye kabati la kampuni. Anayefaulu humo hafaulu kwa kujua. Anafaulu kwa kuwa na nyuki, yaani mtu wa ndani aliyeamua kumwonea huruma: fundi wa maabara, mlinzi wa zamu ya usiku, wakati mwingine androidi wa toleo la zamani anayesubiri kuyeyushwa.

Na usidhani mitihani hii ni ya vitabuni tu. Nenda kafungue akaunti yoyote kwenye intaneti, utaletewa kisanduku cha kutia alama kwamba wewe si roboti, halafu picha tisa: chagua zote zenye basi la shule, chagua zote zenye bomba la zimamoto. Basi lenyewe ni la njano, lenye pua ndefu mbele, la Marekani. Bomba ni lile fupi jekundu au la njano linalosimama pembezoni mwa barabara za kule. Kijana wa Arua ambaye hajawahi kuliona bomba hilo isipokuwa kwenye filamu anakaa kwenye kompyuta ya kulipia kwa dakika, anabahatisha, anaambiwa ajaribu tena. Anapimwa utu wake kwa samani za mtaa wa watu wengine, na mpimaji ni mashine. Mwandishi wa distopia angeleta tukio hilo mezani kwa mhariri angeambiwa apunguze chumvi.

Karatasi

Nimesema kiini ni daftari. Basi tulitazame la kwetu.

Uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa Uganda ulianza mwaka 2014, na sheria ya usajili wa watu ikapitishwa mwaka 2015. Kitambulisho watu hukiita Ndaga Muntu. Kina namba ya herufi na tarakimu 14, ya mwananchi mwanamume ikianza na CM na ya mwanamke CF, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 2017 laini za simu zilitakiwa zithibitishwe kwa namba hiyo, na zisizothibitishwa zikazimwa. Leo bila namba hiyo ni kazi kupata laini, kufungua akaunti benki, kupata pasipoti. Sisemi kwamba kitambulisho ni kibaya. Nchi isiyojua watu wake haiwezi hata kuwapangia shule. Ninasema kwamba msomaji wa Uganda anapofika kwenye ukurasa ambapo mlango wa hospitali unamkataa binti kwa sababu jina lake halimo kwenye mfumo, hahitaji maelezo ya ziada.

Mwaka 2021 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti kuhusu wazee walionyimwa malipo ya ruzuku ya uzeeni, na akina mama waliopata taabu kliniki, kwa sababu ya kitambulisho: hawakuwa nacho, au kiliandikwa mwaka usio wao, au mashine ilishindwa kusoma vidole vyao. Hili la vidole ndilo linalonikaa kichwani. Jembe likishikwa miaka 60 hulainisha alama za vidole, na mashine huona ngozi tupu. Yaani kazi iliyomtambulisha bibi huyo kijiji kizima ndiyo iliyomfanya asitambulike kwa mashine. Androidi wa riwayani ana vidole vipya kabisa, vilivyochongwa vizuri, na angepita kwa mara ya kwanza.

Oktoba 2017 huko Riyadh, kwenye mkutano wa wawekezaji, ilitangazwa kwamba roboti Sophia, iliyoundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, imepewa uraia wa Saudi Arabia. Yalikuwa maonyesho kuliko sheria, lakini picha zilizunguka dunia. Wakati huohuo, wilayani Kiryandongo, Wamaragoli waliohamia huko miongo mingi iliyopita walikuwa wakiomba jina la jamii yao liingizwe kwenye orodha ya jamii asilia za Uganda iliyoko kwenye Nyongeza ya Tatu ya Katiba. Orodha ya mwaka 1995 ilikuwa na jamii 56, marekebisho ya 2005 yakaifikisha 65, Wamaragoli hawakuwemo. Watoto walikuwa wamezaliwa hapo na kusoma hapo, na bado dirishani walikuwa wakiulizwa kabila. Weka habari hizo mbili ukurasa mmoja, umeshapata sura ya kwanza ya riwaya.

Wazee wanakumbuka zamu nyingine. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Haikuishia kwa wenye pasipoti za Uingereza. Wale waliosema ni raia wa Uganda walipangwa foleni wakaguliwe karatasi zao, na wengi wakaambiwa papo hapo kwamba karatasi ni batili. Waliingia kwenye foleni wakiwa raia, wakatoka wakiwa hawana nchi. Riwaya ya androidi huwa na tukio kama hilo karibu na katikati, pale mhusika anapopitisha kadi yake mahali alipoipitisha jana na taa ikawaka nyekundu. Mwandishi akilifanya kwa kelele na bunduki hulipoteza. Likifanywa na karani mstaarabu anayeomba radhi, linauma.

Kwa nini vijana

Swali hili huulizwa sana, kwa nini androidi awe wa miaka 16 na asiwe wa 40. Jibu la kibiashara ni kwamba wanunuzi ni wa umri huo. Lipo jibu bora zaidi. Kijana wa miaka 16 ana mwili ambao umebadilika bila kumwomba ruhusa, ana maneno kinywani ambayo mengine aliwekewa na wazazi, dini na shule, na ndiyo kwanza anaanza kujiuliza yepi ni yake. Mwambie kwamba yupo msichana aliyegundua tabia zake zote ziliandikwa na watu wengine kabla hajaamka. Atakwambia, ndiyo, namjua.

Shule zetu za bweni zinasaidia kuieleza hali hiyo. Nywele zinanyolewa sare. Namba inatiwa kwenye blanketi kwa wino usiotoka. Kengele inaamua lini una njaa. Kwenye mtihani wa taifa unaingia na namba ya mtahiniwa, na miezi kadhaa baadaye mtu usiyemjua anatangaza wewe ni wa daraja gani. Sisemi kwamba shule ni distopia, ingawa wanafunzi wangu wawili watatu wangesema. Kizazi hiki pia kimeona jambo ambalo vitabuni lingeonekana limetiwa chumvi: shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Kuna waliomaliza utoto humo katikati, wakarudi darasani wakiwa na sauti nzito au mtoto mgongoni.

Riwaya mbovu za fungu hili, na ni nyingi, husahau haya yote zikikimbilia mapenzi ya pande tatu. Androidi anakuwa mrembo tu asiyechoka. Dalili moja ya kuzigundua mapema: ukifika theluthi ya kitabu na bado hujui nani analipia umeme wake, rudisha.

Sayansi imefika wapi

Haijafika huko. Mashine zenye umbo la mtu zinaweza leo kutembea, kubeba masanduku, hata kupinduka hewani, na nyuso za bandia zinaweza kutabasamu. Androidi wa kukaa naye darasani muhula mzima bila kumshtukia hayupo. Kikwazo kimoja alikieleza Mjapani Masahiro Mori mwaka 1970. Alisema kadiri roboti inavyofanana na mtu ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapokaribia sana kufanana bila kufikia, hapo upendo unaporomoka ghafla na kuwa kinyaa. Mfano wake ulikuwa mkono wa bandia: kwa macho ni mkono kabisa, ukiushika ni baridi na hauna mfupa, nywele zinakusimama. Mpaka leo wahandisi wengi hukwepa shimo hilo kwa kuipa roboti uso wa katuni. Waandishi hulirukia, kwa kudhani kwamba siku moja litavukwa.

Jambo jingine ambalo riwaya nyingi hazilioni ni kwamba macho ya mashine hufunzwa na watu. Mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kumekuwa na ofisi za kazi hiyo kwa miaka. Kijana anakaa mbele ya skrini, analetewa picha ya barabara ya ng'ambo, anachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mtu, anaandika jina lake, kisha picha inayofuata. Mtembea kwa miguu aliyefichwa nusu na nguzo anachorewa kisanduku pia, na anakisia miguu ilipo. Kutoka kwenye mamilioni ya visanduku vya namna hiyo mashine inajifunza kwamba hiki ni mtu. Fikiria basi: androidi wa kwanza atakayekutazama na kukutambua kuwa binadamu huenda akawa amefundishwa na Mwacholi wa miaka 22 aliyekuwa akisubiri saa ya chakula. Riwaya za Marekani huweka mwanasayansi mmoja mwenye nywele nyeupe kama baba wa androidi. Ukweli una ndugu wengi zaidi, na wanalipwa kwa kazi iliyokamilika.

Kama angefika kwetu

Wanafunzi wakiniletea insha za androidi, karibu wote humweka New York au Tokyo. Nawarudishia. Nawaambia wamlete hapa, halafu waangalie kinachobadilika.

Cha kwanza, hatafika akiwa mpya. Atakuja mtumba, kama magari, kama simu, kama mashati ya Owino. Hilo peke yake linaipindua hadithi, maana wa mtumba ana kumbukumbu za mwenye mali wa kwanza ambazo hazikufutwa vizuri. Anaamka Kampala akimkumbuka mtoto wa Osaka aliyekuwa akimlaza, na anajua wimbo wa kumbembeleza. Vipuri vyake vitatoka soko la Kisekka, kidole cha toleo moja na kiwiko cha toleo jingine, na fundi atakayemfungua atamsemesha huku akifanya kazi, kwa sababu mafundi wa pale huzisemesha hata injini.

Cha pili ni mpaka. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kuundwa. Tuseme sheria hiyo imepanuliwa iwahusu androidi, na binti wetu amefika Malaba akiwa na miaka 16. Kituo cha pamoja cha mpakani kina sehemu ya forodha na sehemu ya uhamiaji. Akienda forodha ni bidhaa, tena chakavu iliyopitwa na umri. Atazuiliwa, pengine apondwe. Akienda uhamiaji ni mtu, basi alete pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, naye hana damu ya kuchanjwa. Malori yamejipanga nyuma yake mpaka upande wa Kenya. Karani ana mihuri miwili mbele yake.

Niliwapa darasa la Senior Two tukio hilo walimalizie. Mvulana wa dawati la mbele hakutaka hata kuandika.

"Mwalimu, huyo ana shida gani? Si apite njia ya panya."

"Na nani?"

"Na bodaboda. Ila wa boda wana bei mbili, mwalimu. Kuna ya abiria na kuna ya mzigo. Ya mzigo ni nafuu, wanakufunika turubai."

Binti wa nyuma akasema androidi huyo angelipa ya abiria hata akope. Mwingine akamuuliza nani angemkopesha mtu asiye na kitambulisho. Wakabishana mpaka kengele ya mapumziko, na insha nikazipokea Jumatatu.